Figo ya Msusi

Watu husema damu ni nzito kuliko maji, na husema hivyo kwa wepesi sana, hasa wale ambao hawajawahi kuombwa kiungo cha mwili. Msusi naye alikuwa akisema. Siku ndugu walipokaa sebuleni kwa mama yao kuzungumzia ugonjwa wa kitindamimba, alijipiga kifua mbele ya wote akatamka, "Mimi nipo. Figo ninazo mbili, ya nini kuzilimbikiza?" Watu wakacheka, mama akamwombea dua, na mambo yakaonekana yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Sasa Msusi alikuwa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba kidogo cha hospitali, vidole vyake vilivyozoea kusuka vikisokota ncha ya mtandio kana kwamba kuna mteja ndani yake. Mbele yake alikaa muuguzi mnene mwenye miwani, mtu wa sauti ya chini, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na kila anayetaka kutoa figo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nje, kwenye benchi la ukumbini, walikuwa wanasubiri mama, kaka yao anayefundisha shule ambaye kila mtu alimwita Mwalimu hata nyumbani, na mgonjwa mwenyewe.

Mgonjwa huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina lake la mtaani lilikuwa Cheche. Zamani lilimfaa. Siku hizi uso ulikuwa umevimba, miguu imejaa maji, na damu yake ilisafishwa na mashine kwa sababu figo zake zote mbili zilikuwa zimestaafu bila kuaga. Madaktari walisema mishipa ya mkono inayolisha ile mashine imeanza kuchoka. Alihitaji figo ya ndugu, tena mapema.

"Damu zenu zimekubaliana," muuguzi alisema. "Tena vizuri sana. Lakini kabla hatujaenda kwenye picha na vipimo vingine, nina swali moja. Unataka?"

"Si nimeshasema, sista?"

"Umewaambia nduguzo. Mimi hujaniambia."

Msusi akacheka kidogo. Muuguzi hakucheka naye.

"Hapa kwetu kuna utaratibu," akaendelea. "Asiyetaka hasukumwi, wala haanikwi juani. Mimi natoka pale nje nawaambia wenzako neno moja tu: haifai. Basi. Yule ambaye kweli ana tatizo mwilini, neno ni hilo. Yule aliyekataa, neno ni hilo hilo. Wakiniuliza sababu, nawajibu kuwa mwili wa mtu ni siri yake. Kwa hiyo jibu bila kumwogopa mtu. Unataka?"

Msusi alifungua mdomo aseme ndiyo. Alikuwa nayo tayari, ameitembeza mtaa mzima, wateja wameisifu, mama ameishukuru. Alimpenda Cheche, alimbeba mgongoni tangu akiwa mchanga. Hakuwa na mtoto wa kunyonyesha wala ugonjwa wa kusingizia. Hakuwa na sababu hata moja ya kuonyesha watu. Alikuwa na woga tu, woga mkubwa wa kulazwa mezani akiwa mzima na kuamka akiwa pungufu, na chini ya woga huo kulikuwa na ukaidi ambao hata yeye hakuujua: huu mwili ni wangu.

"Sitaki, sista," alisema, na machozi yakamtoka kabla hajaelewa amesema nini.

Muuguzi alimpa karatasi laini, akamwacha apanguse uso mpaka ukauke vizuri. Halafu akafungua mlango, akatoka naye, akasimama mbele ya benchi.

"Haifai," alisema. "Poleni sana."

Mama aliyekuwa ameinuka alikaa tena. Mwalimu aliinamisha kichwa. Yeye naye alikuwa ameingia chumba kile wiki iliyotangulia, na neno lililotoka lilikuwa hilo hilo. Mama mwenyewe alishakataliwa hadharani kwa ajili ya umri na shinikizo la damu. Maana yake hapakuwa na mwingine.

Cheche ndiye aliyesema kwanza. "Usijali, dada. Figo zako nazo zina kiburi kama mwenyewe." Kisha mzaha ukamkatikia njiani, akamtazama dada yake kwa makini. "Lakini ngoja. Kama haifai kwangu mimi ninayekufa, wewe mwenyewe inakufaa kweli? Wamekwambia una nini?"

"Hawajasema," Msusi alijibu, na hapo hakusema uongo.

Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani! Na huyu naye mgonjwa!"

Hivyo ndivyo balaa lilivyoanza. Muuguzi alikuwa amemsitiri Msusi asiaibike, lakini hakuna aliyemwonya kwamba familia ya watu wenye mapenzi haiwezi kuachiwa neno lisilo na sababu. Italitafutia sababu, na isipoipata itaitengeneza.

Kabla wiki haijaisha mama alishatangaza msikitini na sokoni kwamba binti yake mkubwa ana figo mbovu zinazomla kimyakimya. Msusi akapigwa marufuku kunyanyua ndoo. Akapigwa marufuku chumvi. Mama alihamia kwake na begi dogo, akawa anamwamsha asubuhi kumtazama macho kama yamevimba, na yakiwa hayajavimba anasema, "Hizo ndizo dalili mbaya zaidi, zile zinazojificha."

Saluni nako hakukukalika. Ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, viti vitatu na kikaushio kilichounguruma kuliko kilivyokausha. Wateja waliokuwa wakimgombeza akichelewa sasa walimwambia, "Pumzika dada, tutasubiri." Mmoja alimletea maji ya kunywa, mwingine akamwinamia kumvua viatu. Mwingine, mama mtu mzima, alichukua ufagio akafagia nywele sakafuni huku akihema, na Msusi akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Alisuka kwa kasi kama anayefukuzwa. Alianza mstari, akaufumua, akauanza tena.

"Dada," mteja alilia siku moja, ameshika utosi, "unasuka au unang'oa?"

"Samahani, mpenzi."

"Usiombe samahani, najua ni maumivu. Figo hizo! Binamu yangu nazo zilimfanya akawa mkali hivyo hivyo."

Lililomchoma zaidi lilikuja kwa miguu yake lenyewe. Siku ambayo hakuwa na zamu ya mashine, Cheche alitokea mlangoni mwa saluni na vijana wawili wa karakana yake. Walikuwa wamebeba kigoda kirefu cha chuma, kimechomelewa vizuri, kimewekwa sifongo juu na mahali pa kukanyagia chini.

"Cha kukalia ukisuka," Cheche alisema, akikaa kizingitini kupumua. "Mgonjwa wa figo hasimami kutwa. Hawa ndio wamechomelea, mimi nilikuwa napiga kelele tu." Aliwaamuru wakiweke hapa, hapana, pale, kisha akamkalisha dada yake juu yake na kumzunguka akipima urefu kwa jicho, jasho likimtiririka. "Sasa nisikilize, maana mimi ni mzoefu. Maji usinywe hovyo, pima. Ndizi punguza. Na usiogope mashine, ukifika huko. Siku za mwanzo tu ndizo unaogopa."

Msusi alikaa juu ya kigoda kile kama mtu aliyekalishwa kwenye jiko. Alisema asante. Walipoondoka alikiburuta hadi nyuma ya pazia, akasuka akiwa amesimama, na mama alipomkuta hivyo akalia.

Tangu hapo hakutulia, alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikaa, akainuka. Alitoka dukani bila kununua alichokwenda kununua. Na mtu akikosa pa kuuweka mzigo wake, huanza kuangalia mabega ya wenzake. Macho ya Msusi yakatua kwa Mwalimu.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, wamekaa mezani kwa mama. Mama aliweka mbele ya Msusi na Cheche chakula kisicho na chumvi hata chembe. Mwalimu alivuta kopo la chumvi, akanyunyiza kwenye sahani yake, akaonja, akanyunyiza tena. Mtu mwenye afya yake! Kila alfajiri alikimbia kuzunguka uwanja wa shule akiwa na filimbi shingoni. Siku ile ya kikao sebuleni ndiye aliyesimama kutoa nasaha: "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Cheche akamjibu, "Kaka, moyo baki nao. Mimi nataka figo."

"Hivi, Mwalimu," Msusi alisema, akisukuma sahani, "kwani wewe walikukuta na nini hasa?"

Kijiko cha Mwalimu kilisimama hewani. "Haikufaa tu."

"Haikufaa kwa nini?"

"Walisema haifai, dada. Basi." Aliweka kijiko chini. "Na yako je? Walikukuta na nini?"

Cheche alikuwa anatafuna, macho yake yakienda kwa mmoja yakirudi kwa mwingine, na ghafla akaomba apitishiwe maji kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Na hiyo ndizi mmempa nani?" akaongeza. "Mnaniulia dada yangu!" Mama akacheka, wote wakacheka naye.

Baada ya chakula Msusi alimkuta kaka yake kwenye ngazi za nje. Mtu anayeweza kuhutubia wanafunzi mia juu ya ukweli na uadilifu mpaka wazimie juani sasa alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari. Alizifungua, akazifunga upya. Msusi alisimama nyuma yake akingoja aseme neno, na Mwalimu, bila shaka, alikuwa akingoja yeye aondoke.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Huyu wa kwetu aliliona lake vizuri sana, na bado akamkasirikia mwenzake kwa kuwa nalo. Alimchukia Mwalimu njia nzima mpaka nyumbani. Mwanamume mzima, mwoga! Amemtupa mdogo wake! Halafu kila tusi alilomtupia likawa linageuka katikati ya safari na kumrudia usoni. Na pengine hata hakustahili. Pengine figo za Mwalimu kweli zilikuwa na kasoro, naye anakimbia uwanjani kila alfajiri kwa kuogopa kufa. Msusi hangejua kamwe.

Jumatatu aliifunga saluni, akaenda hospitali, akasimama mlangoni mwa chumba kile kidogo mpaka akaitwa ndani.

"Niambie moja tu, sista. Figo ya kaka yangu kweli haikufaa, au alikataa?"

Muuguzi alivua miwani. "Dada yangu, leo nikikuambia la kwake, kesho nitamwambia la kwako."

"Na hilo la kwangu ndilo nililolijia. Hili neno lako linanitesa. Mama ananitazama macho kila asubuhi. Cheche amenitengenezea kigoda. Kigoda, sista!"

"Basi mlango haujafungwa. Ukibadili nia leo, tunaendelea na picha leo leo. Kwa hiyo nakuuliza tena." Muuguzi aliegemea mbele. "Unataka?"

Msusi alijichungulia moyoni kwa haki yote, kama mtu anayepekua kabati akitafuta nguo anayojua aliiweka humo. Alikuta mapenzi. Alikuta huruma, aibu, na hofu ileile imekaa palepale, haijasogea hata unyayo. "Sitaki," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nilichotaka ni nisiwe nimedanganya."

"Hilo," muuguzi alisema, bila ukali, "hatuna dawa yake hapa."

Alipotoka, miguu haikumpeleka nyumbani. Ilikuwa siku ya Cheche ya mashine, na wodi yenyewe ilikuwa mwisho wa ukumbi huohuo. Njiani aliamua. Atamwambia yote. Amtukane, amfukuze, amsamehe, lolote. Ila asimchomelee kigoda kingine. Mficha uchi hazai, alijiambia, na hatua zake zikawa nyepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Cheche alikuwa amelala upande, mkono umenyooshwa, mirija miwili myembamba ikitoa damu yake na kuirudisha. Mashine ilizunguka taratibu kando ya kichwa chake. Vitanda vingine vilikuwa mbali kidogo, wagonjwa wengi wamesinzia.

"Eh, dada! Umekuja kujifunza kazi?"

Msusi alivuta kiti, akakaa karibu kabisa, akashika vidole vya mkono wake ulio huru. "Cheche, nina neno. Siku ile ndani ya kile chumba, na sista—"

"Nyamaza."

Alisema taratibu, lakini ilikuwa sauti ya karakana, ile anayomwambia kijana anayetaka kushika chuma cha moto.

"Hujui ninachotaka kusema."

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze, nisijue." Alitazama vitanda vingine, akashusha sauti. "Sikiliza. Yule sista alinikalisha mimi kabla yenu nyote. Aliniambia utaratibu wao, wote. Kwamba mtaingia mmoja mmoja. Kwamba neno litakuwa moja, uwe umeshindwa au umekataa. Na kwamba nikilisikia, nisiulize. Nikamwambia sawa. Sikujua ugumu wake, lakini nilisema sawa."

Msusi alimwinamia. "Basi tangu siku ile unajua."

"Sijui! Hapo ndipo penyewe. Sijui." Cheche alijaribu kuinuka, mashine ikalia, akarudi chini upesi. Walingoja mpaka iliponyamaza. "Nina 'haifai' mbili, dada. Siku nikiamka vizuri nasema wote wawili mlitaka, miili ikawagomea. Siku nikiamka vibaya nasema wote wawili mmenikimbia, nawalaani mpaka mchana. Lakini ikifika jioni nakumbuka ulivyonibeba, nakumbuka Mwalimu alivyopigwa kwa kosa langu, nageuza. Naweza kugeuza kwa sababu sijui. Ukifungua mdomo wako hapa, sitageuza tena. Utakuwa umesema, utakwenda zako umepumua, na mimi nitabaki hapa na mirija."

"Na kigoda je? Unanitengenezea kigoda na hujui?"

"Kama mgonjwa, kitakusaidia. Kama si mgonjwa, utasuka umekaa. Chuma hakina hasara."

Msusi alilia waziwazi, bila kujali mgonjwa wa kitanda cha pili aliyefumbua jicho moja. "Linanichoma, Cheche. Ulitaka nife nalo?"

"Na mimi nife na lipi?" Hasira ilimpanda ghafla, na kwa muda mfupi alikuwa Cheche yule wa zamani. "Mimi nabeba figo mbili zilizokufa, sijamwomba mtu anipokee. Hilo lako, lolote lile, beba wewe. Hujanipa kingine. Nipe hicho."

Wote wawili walisikia alichosema. Yeye mwenyewe alionekana kushtuka, akageuza uso ukutani. Mashine iliendelea kuzunguka. Msusi hakuachia vidole vyake, ingawa vilikuwa baridi na vizito, na alielewa sasa kwamba alikuja kuomba, kwamba hata maungamo yake yalikuwa njia nyingine ya kumwomba mgonjwa ampe kitu.

Baada ya kitambo Cheche aligeuka tena. Macho yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa imerudi mahali pake.

"Haya. Tuanze upya, kama ndio umeingia sasa hivi. Mimi nakuuliza, wewe unajibu. Ulikwenda ukapimwa?"

Msusi alimtazama. Tangu siku ile uongo huo hakuwahi kuutamka kwa mdomo wake. Muuguzi alikuwa amemdanganyia, yeye akanyamaza tu na kula chakula kisicho na chumvi.

"Nilipimwa," alisema.

"Ikawaje?"

"Haikufaa."

"Ingefaa, ungenipa?"

Kule ndani kila kitu kilimwambia anyamaze, au akimbie, au aangushe kichwa kwenye shuka lile na aseme ukweli. Cheche alikuwa anamngoja. Alikuwa ameshikilia pumzi kama mtoto anayengoja kutolewa mwiba.

"Ningekupa," Msusi alijibu upesi, Cheche asije akasikia kusita kwake.

"Nilijua," Cheche alisema, akafumba macho. "Asante, dada."